Walioajiriwa, wenye ajira, na mvuvi aliyekwenda kutafuta

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimepewa kazi ya kutafsiri dodoso la utafiti wa nguvukazi litakalotumika kwenye jamii za visiwa vidogo. Mimi niliandika "walioajiriwa" na "wasioajiriwa". Msimamizi wangu akafuta, akaandika "wanaofanya kazi" na "wasiofanya kazi". Tumebishana siku mbili. Nani yuko sahihi? Na mtu anayevua kitoweo cha nyumbani kwake tu, bila kuuza, tumwite nani? La mwisho: ni "nguvukazi" au "nguvu kazi"?

JIBU: Marahaba. Nianze na la mwisho maana ndilo jepesi: andika nguvukazi, neno moja. Ukiliona limetenganishwa kwenye ripoti fulani usilishikie bango. Yapo makubwa zaidi ya kugombania.

Makubwa yenyewe ni kwamba nyote wawili mmekosea, ila kila mmoja kakosea kwa upande wake. Wewe umebana mno, mwenzako kapanua mno, na neno mnalolitafuta limekaa katikati yenu.

Tuanze na lako. Kitenzi "ajiriwa" kiko katika kauli ya kutendwa, na kauli ya kutendwa haikosi mtendaji: aliyeajiriwa ameajiriwa na mtu. Ajira, ujira na mwajiri ni ndugu wa shina moja la Kiarabu lenye maana ya malipo ya kazi. Ukimuuliza mtu "umeajiriwa?", akilini mwake inapita picha ya barua ya kazi, ofisi na mshahara wa mwisho wa mwezi. Sasa chukua kisiwa chenye watu mia mbili. Watakaojibu "ndiyo" ni mwalimu, muuguzi, karani wa gatini na pengine wengine wawili. Mwenye mashua yake anayeuza samaki kila siku atakwambia hapana, na atakuwa amesema kweli, kwa sababu hana mwajiri. Mkewe anayemsaidia kupanga na kuuza bila kulipwa senti atakwambia hapana mara mbili.

Lakini kwa watakwimu wa kazi, wote hao wana ajira. Kipimo chao ni hiki: je, katika kipindi kifupi kinachoulizwa, kwa kawaida siku 7, mtu huyu alifanya shughuli yoyote ya kupata malipo au faida, walau kwa muda wa saa 1? Akiwa alifanya, anahesabiwa, awe ana bosi au hana. Anayesaidia biashara ya familia bila mshahara naye yumo, maana faida inaingia nyumba ileile. Kwa hiyo andika "wenye ajira". Ndani ya kundi hilo ndipo uwagawe: waajiriwa, waliojiajiri, na wanafamilia wanaosaidia biashara bila malipo. "Waajiriwa" ni chumba kimoja cha nyumba hiyo. Wewe umekiita nyumba nzima.

(Hilo "waliojiajiri" nalo liishie kwenye jedwali. Ni neno la hotuba. Sijapata kumsikia mtu akitoka pwani na ndoo kichwani akasema "nimejiajiri". Husema "nina shughuli zangu", na dodoso lenye akili humfuata kwenye lugha hiyo.)

Sasa la msimamizi wako. "Wanaofanya kazi" lingefaa zamani kidogo, lakini mwaka 2013 Mkutano wa Kimataifa wa 19 wa Watakwimu wa Kazi, unaoitishwa na Shirika la Kazi Duniani, ulitenga rasmi kazi na ajira. Kazi ikawa mwavuli: kila shughuli ya kuzalisha bidhaa au kutoa huduma, kwa matumizi ya wengine au yako mwenyewe. Kuchota maji ni kazi. Kulea ni kazi. Kujenga kibanda chako, kujitolea kusafisha kisima cha kijiji, kuvua kitoweo, zote ni kazi. Ajira ni tawi moja tu chini ya mwavuli huo, lile linalofanywa kwa malipo au faida. Ukiandika "wasiofanya kazi" ukiwa na maana ya wasio na ajira, utakuwa umemwambia mama aliyeamka alfajiri, akashuka pwani maji yalipokupwa, akarudi na pweza wa kulisha watu saba, kwamba hafanyi kazi. Si kweli kwa Kiswahili, na tangu 2013 si kweli hata kwa takwimu.

Kwa hiyo anayevua kitoweo tu ndiye anayeonyesha tofauti ya kazi na ajira. Chini ya kanuni za awali za mkutano huo wa watakwimu, za mwaka 1982, mtu huyo alihesabiwa miongoni mwa wenye ajira ikiwa alichokileta kilikuwa na mchango mkubwa katika matumizi ya nyumbani. Kwa kanuni za 2013 ametoka humo. Anaitwa mzalishaji kwa matumizi yake mwenyewe. Akiwa hatafuti ajira, basi yuko nje ya nguvukazi pia, yaani nje ya jumla ya wenye ajira na wanaoitafuta. Nyavu ni zilezile, mwamba ni uleule, samaki ni walewale; kilichobadilika ni mstari wa fasili. Mahali ambapo nusu ya watu wanaishi kwa kuvua na kulima chakula chao, mstari huo ukisogea, kiwango cha ushiriki katika nguvukazi kinaporomoka bila mtu yeyote kuweka jembe chini. Ndiyo maana kabla ya kulinganisha ripoti mbili za kisiwa kimoja ni lazima uangalie kwanza kila moja ilitumia kanuni zipi.

Na usimpachike jina la "asiye na ajira" kwa haraka. Asiye na ajira, kitakwimu, ni mwenye mambo matatu kwa pamoja: hana shughuli ya malipo au faida, ametafuta katika wiki nne au mwezi uliopita, na yuko tayari kuanza sasa au karibuni. Likikosekana moja, hayumo. Wenye ajira ukijumlisha na hawa wasio na ajira ndiyo nguvukazi. Ukiigawa kwa idadi ya watu wenye umri wa kufanya kazi, aghalabu kuanzia miaka 15, unapata kiwango cha ushiriki. Neno nguvukazi hupotosha hapa kwa sababu masikioni mwetu lina harufu ya misuli, "vijana ndio nguvukazi ya taifa". Hata jina rasmi linalotumika Tanzania, Utafiti wa Watu Wenye Uwezo wa Kufanya Kazi, limeegemea uwezo. Ushiriki haupimwi kwa uwezo. Bibi wa miaka 75 anayesuka na kuuza mikeka yumo kwenye nguvukazi. Kijana wa miaka 22 mwenye kifua kama ngao, asiye na shughuli na asiyetafuta, hayumo.

Hapo kwenye kutafuta ndipo ninapotaka mkae chini wewe na msimamizi wako, maana dodoso linaharibika kwenye neno hili kuliko lile mlilogombania. "Kutafuta" kwa Kiswahili cha kila siku ni kuhangaikia riziki. "Baba yuko wapi?" "Kaenda kutafuta." Maana yake yuko kazini! Mvuvi akiulizwa "unatafuta kazi?" atajibu "ndiyo, natafuta kila siku", na karani wa dodoso atamwandika asiye na ajira wakati jana tu kauza samaki ndoo mbili. Upande wa pili yupo anayetaka ajira kwa dhati lakini hatafuti, kwa kuwa kisiwa kizima kina waajiri watatu na wote anawajua kwa majina. Atatafuta kwa nani? Huyo atajibu "hapana", na akiishia hapo ataonekana kama mtu asiyetaka kazi. Wenye fani wamemtengea kundi lake nje ya nguvukazi. Mimi naliita nguvukazi tarajiwa, na visiwani kundi hilo linastahili safu yake kwenye jedwali. Basi lisiwe swali moja. Uliza kwanza kama angependa kupata kazi ya malipo. Kisha uliza alifanya nini kuipata ndani ya wiki nne: aliomba kwa nani, alimtuma nani, alipanda chombo kwenda kuulizia wapi. Vitendo havidanganyi kama kitenzi kimoja kinavyodanganya.

Tukiwa hapohapo kwenye maswali, ondoa "saa moja". Najua maelekezo yanasema walau saa moja. Lakini muulize mvuvi, "Wiki iliyopita ulifanya kazi walau saa moja?", naye anaweza kukujibu kwa heshima zote: "Hapana, mwanangu, mimi saa moja nishakuwa nyuma ya mwamba, natoka saa kumi usiku." Andika "kwa muda wa saa nzima au zaidi". Na "wiki iliyopita" nayo iondoke: kwa mmoja ni Jumatatu hadi Jumapili, kwa mwingine ni tangu siku kama ya leo. Sema "siku 7 zilizopita, kuanzia jana kurudi nyuma".

"Hasa" ni mtego mwingine. Kanuni inataka kujua samaki walikusudiwa hasa kwa ajili ya nini, yaani kwa sehemu kubwa: kula au kuuza. Maana aliyevua kitoweo akauza ziada kidogo bado ni mzalishaji kwa matumizi yake, na mfanyabiashara anayepeleka wawili nyumbani hajaacha kuwa na ajira. Lakini "hasa" hubeba pia maana ya "kweli kweli". "Unavua hasa kwa ajili ya kula?" inasikika kama umemshuku. Uliza: "Ulipotoka kwenda kuvua, ulikusudia sehemu kubwa ya samaki iuzwe, au iliwe nyumbani?" Ni swali refu, lakini mtu analijibu bila kukunja uso.

Na "mvuvi" mwenyewe. Jina la namna hii, m- mwanzoni na -i mwishoni, linataja mazoea: mvuvi ni mvuvi hata akikaa mwezi bila kugusa maji. Dodoso haliulizi mazoea, linauliza siku 7. Bahari ikichafuka wiki nzima na vyombo vyote vikalala mchangani, jibu la "ulifanya kazi?" ni hapana kwa kijiji kizima, na bila swali la pili utatangaza kisiwa kimepoteza ajira kwa sababu ya upepo. Swali la pili ni hili: una shughuli ambayo hukuifanya kwa muda tu, na unatarajia kuirudia lini? Hali mbaya ya hewa imetajwa waziwazi kati ya sababu za kutokuwepo kazini kwa muda, ila muda wenyewe uhojiwe, kwa kawaida usizidi miezi 3.

Jambo la mwisho hukuniuliza, lakini kwa kuwa ni visiwa vidogo nitalisema. Chunga "wenyeji" na "wakazi". Mwenyeji ni mwenyeji hata akiwa ughaibuni miaka kumi. Hesabu ya nguvukazi ni ya wakazi. Na zichunge asilimia. Tuseme kisiwa kina wakazi 200 wenye umri wa kufanya kazi, nguvukazi ni 120, na kati yao 6 hawana ajira: ni asilimia 5. Wawili kati ya hao sita wakapanda meli kwenda kutafuta maisha kwingine. Wamebaki 4 kati ya 118, yaani asilimia 3.4. Mwandishi wa habari ataandika kwamba ukosefu wa ajira "umepungua kwa asilimia 1.6". Kwa lugha kakosea, kwa sababu kutoka 5 hadi 3.4 ni tofauti ya pointi 1.6 za asilimia, ambayo ni kama theluthi moja ya kiwango cha awali. Kwa habari yenyewe kakosea zaidi: hakuna hata mtu mmoja aliyepata ajira. Tokelau, huko Bahari ya Pasifiki, iliyokuwa na watu wapatao 1,500 katika sensa ya 2016 kwenye visiwa vitatu vya matumbawe visivyo na uwanja wa ndege, meli moja tu inaweza kubadilisha jedwali lote. Kwenye jamii za ukubwa huo toa idadi kamili kando ya asilimia, isipokuwa pale ambapo safu ina mtu mmoja. Ukiandika "muuguzi, mwanamke, miaka 50 hadi 54: 1", kisiwa kizima kinajua umemtaja nani, na mshahara wake ukiwa safu inayofuata, umemvua nguo hadharani.

Msalimie msimamizi wako. Mwambie neno ni "wenye ajira", na kwamba lile la "wasiofanya kazi" alifute kabla karani hajalisoma mbele ya yule mama mwenye pweza.