Toa hewa kwanza: kwa mnaoanza fristaili

Jumamosi asubuhi nilikaa ukingoni mwa bwawa nikawatazama wapya watano wakijaribu fristaili, ule mtindo wa kuogelea kifudifudi ukizungusha mikono kwa zamu. Wote waliingia majini mashavu yamejaa kama wapuliza tarumbeta. Kila mmoja alifika katikati, akasimama, akashika kamba ya njia, akaniambia maneno yaleyale niliyokuwa nikiyasema mimi: "Kaka, pumzi inakata."

Haikati, wadogo zangu. Mmeifungia ndani.

1. Toa hewa uso ukiwa majini. Puliza kwa pua au mdomo, taratibu, bila kukatisha, tangu uso unapoingia hadi unapogeuka. Ukingoja kutoa na kuvuta palepale mdomo ukiwa juu, muda hautoshi. Utavuta nusu, utaingia na nusu, na raundi ya pili umekwisha. Kinachokubana kifua pale katikati kwa kawaida si kukosa oksijeni, ni kabonidioksaidi uliyoikalia.

2. Msishindane kubana pumzi. Wawili kati ya wale watano, walipochoka kufundishwa, walianza kupigana dau nani atavuka bwawa chini ya maji kwa pumzi moja. Niliwapandishia sauti na wakanuna. Acheni niwaeleze kwa nini.

Nilianza kuogelea mtu mzima, kama wengi wetu tuliokulia huku kusiko na ziwa karibu wala bahari. Mita 25 zilinishinda miezi minne. Nikaisingizia Dodoma: tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi. Nikashuka Dar kikazi, nikaingia bwawani hatua chache kutoka baharini, na pumzi ikaniishia palepale, mita ya kumi na tano. Badala ya kumuuliza mtu ninakosea nini, nikaamua kifua changu ni kidogo, sharti nikipanue.

Kila jioni nikawa navuta pumzi za harakaharaka, ishirini hivi, mpaka vidole vinafanya ganzi, kisha nazama na kusukuma ukuta. Wiki ya pili nikagusa ukuta wa upande wa pili bila hata kusikia haja ya hewa. Nikaona nimefuzu. Nikamfundisha na kijana mmoja niliyekuwa nikifanya naye mazoezi.

Jumatatu iliyofuata nakumbuka vigae vya bluu, mstari mweusi wa chini, na utulivu mzuri tu. Sikuumia, sikuogopa. Ninachokumbuka baada ya hapo ni zege la ukingoni likinikwaruza mgongo, na mhudumu anayeokota majani bwawani kanipigia magoti, shati na suruali vimelowa chapachapa, akiniita jina. Nilipoweza kusema nilimuuliza alijuaje. Akanijibu, "Nilikuona umetulia mno."

Zile pumzi za harakaharaka haziongezi oksijeni ya maana. Zinapunguza kabonidioksaidi, na hiyo ndiyo inayokupigia kelele upande juu. Ukishainyamazisha, oksijeni inaisha nawe huna habari. Usiku ule nilimpigia simu yule kijana. Ya kwanza haikupokelewa. Ya pili haikupokelewa. Nilikuwa nimeshavaa viatu nikamfuate bwawani ndipo akapokea ya tatu, alikuwa anaoga. Mpaka leo sijasahau sauti ya simu inayoita bila kupokelewa. Kwa hiyo mkininunia, nuneni.

3. Usiinue kichwa, kigeuze. Ukikiinua, nyonga zinazama na unaanza kuburuta miguu. Sikio moja libaki limelala majini, kioo kimoja cha miwani ndani, kingine nje. Mwili ukisonga, maji hubonyea kidogo kando ya kichwa; mdomo unapata hewa hapohapo. Ndugu zangu mliokulia Mwanza ndio mnaonipa kazi hapa. Mmezoea kuogelea kichwa juu mkitazama mtumbwi, na hamzami, kwa hiyo hamsikii la mtu. Ziwani mko sawa. Kwenye fristaili laza kichwa, tazama chini.

4. Mkono wa mbele usiukandamize unapovuta hewa. Uache umenyooka, uulalie.

5. Vuta hewa kila baada ya kupiga mikono miwili, mpaka utulie. Ya mitatu, kulia na kushoto, itakuja yenyewe.

6. Anzia kina kifupi, umeshika ukingo. Mmoja wa wale watano, dada aliyehamia hapa na wizara yake, alibaki wenzake walipoondoka. Nikamwambia asiogelee kabisa. Ainame, atie uso majini, aimbe "mmmm" kwa pua, ageuke, avute kidogo, arudi. Mara thelathini. Mara ya kumi bado mapovu yalitoka kwa vishindo, kama chupa inayomiminwa. Kwenye ishirini na kitu yakawa uzi mmoja mwembamba unaopanda kando ya shavu lake. Nikampa ubao wa kuelea aushike mbele, akaenda. Nikamwondolea ubao, akaenda, akapita pale alipokuwa akisimama, akagusa ukuta. Aligeuka akanitazama, hahemi, akauliza, "Ndiyo hivyo tu?"

Ndiyo hivyo tu, dada. Kesho saa moja asubuhi, kabla upepo haujaanza kutumwagia vumbi, nitakuwa kina kifupi. Na nyie wawili wa dau, njooni.