Wasomaji Wanauliza: Krismasi ndani ya boti ya matanga, visiwa vya Karibea

SWALI: Ndugu mhariri, kaka wa mume wangu anaishi na mkewe ndani ya boti ya matanga yenye urefu wa mita 12 huko Karibea, naye ametualika sisi na watoto wetu wawili, wa miaka 9 na 12, tukae nao wakati wa sikukuu. Tutaipandia boti Grenada tarehe 18 Desemba, na mpango wake ni kuelekea kaskazini kisiwa baada ya kisiwa hadi Antigua, ili mwaka mpya utukute English Harbour, kisha tuondoke kwa ndege tarehe 3 Januari. Tiketi za kurudi hatujazilipia. Mimi sijawahi kulala baharini hata usiku mmoja. Nilipouliza kama safari hiyo haitawachosha watoto, shemeji alicheka na kusema kwamba upepo wa huko si wa kubahatisha, unajulikana unakotoka. Je, hofu yangu ina msingi? Na je, lita 400 za maji zitatutosha watu sita?
Shemeji wa Nahodha

JIBU: Dada yetu, shemeji yako amesema kweli, na ukweli huo ndio unaoiharibu ratiba yake. Upepo wa visiwa hivyo hutoka mashariki, ukielemea kaskazini-mashariki, na mabaharia huusubiri kwa hamu mara msimu wa vimbunga unapofungwa rasmi tarehe 30 Novemba. Lakini kuanzia katikati ya Desemba mgandamizo mkubwa wa hewa hujikita juu ya Atlantiki, kaskazini mwa visiwa, na upepo ule ule hukaza hadi kufikia kilomita 45 au 55 kwa saa, ukavuma siku kadhaa mfululizo, usiku na mchana. Wenyeji wa bahari hiyo huuita upepo wa Krismasi, wala hawakuupa jina hilo kwa mapenzi.

Sasa itandaze ramani. Kutoka Grenada hadi Antigua ni kiasi cha maili 300 za baharini, na visiwa havikupangwa katika mstari ulionyooka, bali vimejipinda kama upinde ambao mgongo wake unatazama mashariki, kiasi kwamba Martinique iko mashariki zaidi kuliko vyote viwili. Maana yake ni kwamba katika nusu ya kwanza ya safari mtakuwa mnaupandia upepo, boti imelala ubavu na kila wimbi likipasukia kwenye omo, yaani sehemu ya mbele ya boti. Mkiwa magharibi mwa kisiwa, milima hukinga upepo na maji hutulia. Mkitoka katika kivuli hicho na kuingia mlango wa bahari ulio kati ya St Vincent na St Lucia, au kati ya St Lucia na Martinique, mnapokelewa na Atlantiki nzima, tena penye ncha za visiwa upepo huongezeka kasi kwa kuwa milima imeubana. Baharia mzoefu hustahimili saa tano za namna hiyo, akatia nanga, akapika chai na kusahau. Mtoto aliyetapika kwa saa tano hasahau, na kesho yake anaambiwa kwamba tunaondoka tena.

Kuna na karatasi. Kila nchi mnayotia nanga inamtaka nahodha apandishe bendera ya njano, ashuke na pasipoti za wote, apite forodha na uhamiaji, na akiondoka aage vivyo hivyo. Njia ya shemeji yako inapita Grenada, St Vincent na Grenadini, St Lucia, Martinique, Dominica, Guadeloupe na Antigua. Hata mkiruka visiwa viwili, siku za tarehe 25 na 26 Desemba na 1 Januari zimekaa katikati ya ratiba, na afisa anayeitwa kazini siku ya sikukuu hulipwa malipo ya ziada, yaani mnayalipa ninyi.

Kwa hiyo hofu yako ina msingi, na ushauri wangu ni kwamba tiketi zote mzikate za kwenda na kurudi Grenada. Nendeni kisiwa cha Carriacou kiasi cha tarehe 20, mkiikwepa kwa angalau kilomita 1.5 volkano ya chini ya bahari iitwayo Kick 'em Jenny, iliyo kilomita 8 hivi kaskazini mwa Grenada. Huko Carriacou, na katika kisiwa cha Union kinachofuata, msishangae kuona alama za kimbunga Beryl, kilichovipiga tarehe 1 Julai 2024. Mnunue mboga na samaki kwao, maana fedha ya mgeni ina kazi huko. Kisha panda hadi kisiwa cha Bequia, tia nanga katika ghuba ya Admiralty, ambayo mlango wake umeelekea magharibi, na mkae. Nasisitiza neno hilo: mkae. Mkifika kabla ya tarehe 24 mtaziwahi baadhi ya asubuhi tisa za kuelekea Krismasi, ambazo watu wa St Vincent na Grenadini huamka kabla ya alfajiri kuimba na kucheza barabarani. Wakati wa kurudi kusini upepo utakuwa upande wenu, na mnaweza kulala usiku mmoja au miwili kwenye visiwa vidogo vya Tobago Cays, ambapo mwamba wa matumbawe huyazuia mawimbi ijapokuwa upepo unapita bila kizuizi.

Jambo ambalo ningemuuliza shemeji kwa upole ni nanga yake. Wakati wa sikukuu ghuba hujaa, na boti inayoburura nanga saa nane za usiku huwaamsha majirani wote. Penye kina cha mita 5, ukijumlisha mita 1 ya urefu wa omo juu ya maji, mnyororo usipungue mita 30, na upepo ukikaza uongezwe hadi 40. Nanga iangushwe penye mchanga, kamwe si juu ya matumbawe, kisha mtu azame na miwani ya kuogelea akaitazame kwa macho yake. Nahodha mzuri hatakasirika akiulizwa hayo. Atakupeleka mwenyewe ukaone.

Maji yatatosha, ila mjaze tangi tena njiani. Kila mtu akitumia lita 10 kwa siku, lita 400 zitakaa siku sita na zaidi, mradi vyombo vioshwe kwanza kwa maji ya bahari. Dawa ya kichefuchefu wapewe watoto kabla ya kung'oa nanga, kwa kipimo cha daktari, na safarini wakae nje wakitazama upeo, wamevaa jaketi okozi.

SWALI: Tunapanga kuandaa mlo wa Krismasi ufukweni huko Grenadini. Ni kweli kuna mti ambao hata kujikinga mvua chini yake ni hatari?
Msomaji

JIBU: Ni kweli. Unaitwa manchinili, humea karibu na maji, na matunda yake madogo ya kijani yanafanana na tofaa. Utomvu wake mweupe huunguza ngozi, na mvua huudondosha juu ya aliye chini yake. Sehemu nyingi shina hupakwa rangi nyekundu, lakini usitegemee rangi peke yake. Moshi wake nao huumiza macho, hivyo kwa kuchoma nyama chukueni mkaa wa kununua, msiokote kuni ufukweni.