Re: Ohio State walibebaje ubingwa 2024 wakati walipigwa mara mbili?

Mkuu, hii ni futiboli ya Marekani ya vyuo vikuu, na Ohio State hata ligi yao ya Big Ten hawakuchukua, Oregon ndo walibeba. Kilichowaokoa ni mfumo mpya, msimu ule mtoano ulitoka timu 4 ukawa timu 12, ingekuwa zamani wangeishia kuangalia kwenye tivii kama mimi na wewe.

Kipigo cha kwanza ni Oregon 32-31, hicho unakimeza. Ila kile cha Michigan nyumbani, 13-10, aisee!! Michigan msimu ule walikuwa wa kawaida sana, halafu wakataka kuchomeka bendera yao katikati ya uwanja, zikapigwa mpaka polisi wakapuliza pilipili, mashabiki wa Ohio State wakawa wanataka kocha wao Ryan Day afukuzwe.

Mtoano ulipoanza wakaamka. Tennessee 42-17, Oregon nao wakalipishwa 41-21, halafu Texas, hapa ndo utamu. Inasomeka 21-14, dakika za mwisho, Texas wapo yadi 1 tu wasawazishe, wakarudishwa nyuma, jaribio la nne, ndo la mwisho, Jack Sawyer wa Ohio State akampiga kwotabeki (mrusha mpira) wa Texas, Quinn Ewers, mpira ukamtoka, akaudaka mwenyewe akakimbia nao yadi 83 mpaka tachidauni (kufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani, ndo kama goli lao), na hao jamaa wawili waliwahi kukaa chumba kimoja chuoni hapohapo Ohio State!

Fainali Atlanta, Januari 2025, Notre Dame wakala 34-23. Tafuta klipu ya ile mechi ya Texas kwanza.