Ukianza kusoma fiqhi ya biashara, anza na hasara

Wengi wanaoanza somo hili la fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, hukimbilia orodha ya haramu: riba, kamari, pombe. Orodha utaimaliza mapema, na mkataba bado hutaweza kuusoma. Kila mkataba ukikufikia mkononi, uliza kwanza: hasara ikitokea, ni ya nani?

Chukua mudharaba, yaani ushirika wa mtaji na kazi. Mmoja ametoa mtaji wa 10,000, mwenzake anafanya kazi, na faida watagawana asilimia 60 kwa 40. Mwaka umekwisha, zimebaki 8,000. Zile 2,000 zimempotea mwenye mtaji peke yake. Mwenzake jasho lake limekwenda bure, na halipi kitu ila kama alizembea au alivunja masharti. Sasa waongeze kasharti kadogo: mwenye mtaji apate 500 kila mwaka, iwe faida iwe hasara. Sharti hilo ni batili kwa mafakihi (wanazuoni wa fiqhi) wa madhehebu yote manne ya Sunni. Kaa nalo mpaka uielewe sababu yake.

Ujasiriamali unaingia hapo hapo. Mtu mwenye ujuzi asiye na kitu cha kuweka rehani anaweza kupata mtaji, maana mwenye fedha anaitazama biashara yenyewe kabla ya mali ya mwombaji. Benki ya akiba ya Mit Ghamr, iliyoanzishwa Misri mwaka 1963, iliwahudumia watu wa kipato kidogo bila riba.

Hata hivyo, ukiingia kazini utakuta benki nyingi za Kiislamu zimeegemea murabaha: benki inanunua bidhaa, kisha inamuuzia mteja kwa bei yenye faida inayojulikana, naye analipa kwa awamu. Ni halali, mradi benki iimiliki bidhaa kwanza. Gari likiungua kabla ya kuuzwa, hasara ni ya benki. Mudharaba inaogopwa kwa sababu hesabu za mfanyabiashara haziaminiki, na hilo linaniuma, kwani Aya ya deni (2:282), ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inaamrisha kuandikiana. Jifunze uhasibu sawasawa na unavyojifunza dalili za Qur'ani na Sunna.

Jambo jingine linalosahauliwa ni kifo. Katika fiqhi, asili ni kwamba ushirika huvunjika mshirika akifa, na biashara nyingi nzuri zimegawanywa vipande kabla hazijakua. Uwashauri washirika waandike mapema namna warithi watakavyoweza kuingia upya wakiridhia, na mali itathaminiwa vipi.