Mwacheni kipa kinda asugue benchi, ila msimwache huko peke yake

Kila ligi ikianza nawaona wenzetu mnaoanza kufundisha makipa mkirudia yale yale. Dogo ana miaka 18, kimo anacho, amedaka vizuri wiki mbili za maandalizi. Basi mnakwenda kwa kocha mkuu kifua mbele: "Huyu mpe namba." Mechi ya tatu dogo ametema mpira miguuni mwa straika, jukwaa linamtajia mama yake, na kocha wa makipa ameinama anafunga kamba za viatu ambazo hazijafunguka. Nawapenda, lakini mnanichosha. Haya, sogeeni.

1. Kipa si winga. Winga kinda unamwonjesha dakika ya 75 timu ikiwa inaongoza matatu, akiharibu anarudi kukaa na hakuna anayekumbuka. Kipa hana dakika za kuonja. Anaanza au haanzi, na kosa lake linaandikwa kwenye ubao wa matokeo. Mtanitajia Donnarumma, aliyeanza Milan mwaka 2015 akiwa na miaka 16. Sawa. Wale waliochezeshwa na umri huo wakapotea hamwajui majina, ndiyo maana hamwataji.

2. Benchi linalipa, ila kwa anayelifanyia kazi. Mtazameni Ally Salim pale Simba. Alikuwa nyuma ya Manula na Kakolanya, kipa wa tatu, yule ambaye hata mashabiki wa timu yake wanamsahau. Aprili 2023 akajikuta golini kwenye dabi, Simba ikashinda 2-0, na siku chache baadaye akawa anaikabili Wydad ya Morocco kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Agosti, pale Mkwakwani, Ngao ya Jamii ikaenda kwenye matuta, akapangua penalti za Yanga. Hakuna mazoezi ya wiki moja yanayokupa utulivu ule.

3. Wamarekani wanabishana jambo hili hili kila mwaka kuhusu kwotabeki, yule anayepanga mashambulizi na kurusha mpira kwenye futiboli yao. Nafasi ni moja, kama golini. Patrick Mahomes alikaa nyuma ya Alex Smith msimu wa 2017 pale Kansas City, akaanza mechi moja tu, ya mwisho ya msimu wa kawaida. Mwaka uliofuata akarusha pasi 50 za tachidauni, yaani za kufunga, na kuwa mchezaji bora wa ligi. Aaron Rodgers alisubiri misimu mitatu nyuma ya Brett Favre. Wapenda benchi wanaishia hapo. Lakini Peyton Manning alianzishwa siku ya kwanza mwaka 1998, wapinzani wakamnasia pasi 28, timu ikashinda mechi 3 na kupoteza 13. Msimu uliofuata ikageuka: ikashinda 13, ikapoteza 3. Halafu yupo David Carr, Houston, mwaka 2002. Timu mpya, walinzi wa mbele yake hawajazoeana, akaangushwa chini na mpira mkononi mara 76 katika msimu mmoja. Mimi kwa Carr nawaona makipa wetu. Kabla hujaniuliza dogo ana miaka mingapi, niambie nani amesimama mbele yake.

4. Hili sikulijua wakati nina kipa mmoja ambaye simtaji, na timu pia siitaji. Ukimpiga shuti la karibu, mpira ulikuwa unafia kifuani kwake. Namba moja wetu alikuwa mkongwe, mdomo hauishi, magoti yameisha. Nikamsumbua kocha mkuu hadi akakubali dogo aanze ugenini. Uwanja umelowa, na beki wetu namba nne anatumikia kadi. Namba nne huyo ndiye aliyekuwa akipanga watu kwenye kila kona. Mkongwe alikuwa anapiga kelele tu. Sikuwahi kuliona hilo, na ilikuwa kazi yangu kuliona.

Kona ya kwanza dogo akabaki kwenye mstari, bao. Ya pili akatoka, akakutana na hewa, bao. Kisha frikiki ya mbali ikadunda kwenye tope mbele yake, akaiinamia magoti yakiwa wazi. Mapumziko kocha mkuu hakumtazama dogo, alinitazama mimi. Mkongwe akaingia.

Mpaka hapo ni mpira, inatokea. Kosa langu lilikuja baadaye. Kwenye basi nilikaa mbele na dereva. Jumatatu nikampasha mkongwe, dogo nikamwachia koni na mtoto wa kuokota mipira. Nilikuwa naona aibu, nikanyamaza, na mtu wa miaka 18 hawezi kujua kwamba kimya kile ni cha aibu yangu. Sikumwambia amekosea wapi, wala atacheza lini tena. Wiki zikapita, akaanza kupangua mipira aliyokuwa akiidaka kwa mkono mmoja. Ishikeni dalili hiyo: kipa aliyeingiwa na hofu anapangua kila kitu. Msimu ukaisha akaomba barua yake ya kuondoka. Siku hizi anadaka ndondo, mechi za mtaani, na mikono ni ile ile.

Siku moja mkongwe anabandua plasta vidoleni, akaniambia, "Kocha, yule dogo kila siku alikuwa ananiuliza mimi kama bado mnamtaka. Mimi ningejuaje?" Sikuwa na jibu, nikaanza kukusanya koni.

5. Ya haraka haraka. Akiwa benchi, mpe daftari aandike kila kona ya wapinzani: nani anapiga, mguu gani, inaangukia wapi. Wikiendi adake timu ya vijana, maana kipa asiyecheza miezi sita ameoza. Mechi yake ya kwanza iwe nyumbani, ya kombe, na mabeki wale wale wa kila siku. Mwambie mapema, si kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Akifungwa manne, mechi ijayo aanze tena. Ukijua hutaweza kumrudisha, usimwanzishe.

6. Mkongwe naye azungumzwe naye. Mwambieni waziwazi kwamba msimu huu dogo hajaja kumnyang'anya mkate, mpeni na heshima ya ualimu, ikiwezekana na posho. Msipofanya hivyo mtafundisha asubuhi, yeye atafundua jioni. Nilimkamata mkongwe mmoja akimpotosha kinda wetu, akimwelekeza atoke kwenye kila krosi. Kila krosi! Nilicheka sana, hadi nilipomwona dogo anaitikia kwa kichwa.