Namna ya kusoma barua za Madame de Staël za uhamishoni

Anza na zile za Uingereza za mwaka 1793. Si nyingi, na zinafundisha karibu kazi yote. Germaine de Staël, mwandishi wa Kifaransa, aliingia huko Januari, akakaa Juniper Hall, Surrey, pamoja na Wafaransa wenzake waliokimbia Mapinduzi, akaondoka Mei. Jirani yao alikuwa Susanna Phillips, mdogo wake mwandishi Fanny Burney.

Msomaji hukosea anaposhika upande mmoja. Ukisoma tu vibarua vya Staël kwa Fanny, vingine vikiwa kwa Kiingereza cha kuungaunga, utaona urafiki unanoga na mwaliko wa kwenda kukaa naye. Mara Fanny anaanza kujitoa. Sababu utaikuta kwa baba yake, Charles Burney: alisikia yanayosemwa juu ya Staël na mpenzi wake Narbonne, mmoja wa wakimbizi hao, akamwonya binti yake akae mbali. Binti mwenyewe alikuwa na miaka 40! Staël alimuuliza Susanna kama nchi hiyo mwanamke huwekwa chini ya ulezi maisha yake yote, na swali hilo tunalo kwa kuwa Susanna alimwandikia dada yake. Kwa hiyo panga mezani mwandikaji, mwandikiwa na ndugu waliokuwa wakiwasimulia wengine. Adabu za barua za kualikana huficha mengi, na ukweli mara nyingi uko kwa mtu wa tatu.

Mwaka 1803 Napoleon alimkataza Staël kusogea ndani ya ligi 40, kama kilomita 160, kutoka Paris. Hapo kaa macho: barua zake kutoka Coppet, Uswisi, zilifunguliwa njiani na polisi. Barua baridi huenda imeandikwa baridi kwa ajili yao. Tazama ilipita posta au mkononi mwa rafiki, na usiruke upande wa nje, maana karatasi yenyewe ndiyo iliyokunjwa, ikapigwa lakiri na kuandikwa anwani.

Tarehe nazo zina mitego. Kalenda ya Jamhuri, ile mpya ya Mapinduzi yenye miezi na miaka yake yenyewe, ilitumika Ufaransa hadi mwisho wa 1805. 18 Brumaire mwaka wa VIII ni 9 Novemba 1799. Vibarua vingi vina jina la siku tu. Na alipotoroka Coppet Mei 1812 akafika Urusi, aliingia nchi ambayo kalenda yake ya zamani ilikuwa nyuma kwa siku 12: tarehe 20 Agosti ya Saint Petersburg ni 1 Septemba ya Uswisi. Usipoziongeza, utamwona anajibu barua ambayo bado haijamfikia.