Maswali na majibu: Pericles na helmeti yake

Wiki hii meseji nyingi zimekuja kuhusu kile kichwa cha marumaru cha Pericles, kiongozi wa mji wa Athens wa Ugiriki ya kale, kilichopo British Museum kule London. Nimechagua chache.

Swali: Mbona kavaa helmeti na hapigani?

Ndo maana imesukumwa nyuma, matundu ya macho yako juu ya paji la uso. Ukiwa vitani unaishusha. Hapo ni alama ya cheo, alikuwa strategos, yani jemadari wa kupigiwa kura, Athens walikuwa wanachagua 10 kila mwaka na yeye walimrudisha miaka 15 mfululizo.

Swali: Nasikia alikuwa na kichwa kirefu kama kitunguu, wakamfunika aibu. Kweli?

Hili swali jamani nimeshalijibu mpaka basi. Aliyelieneza ni Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa maisha ya watu mashuhuri, na Plutarch kaandika miaka zaidi ya 500 baada ya Pericles kufa, tena ushahidi anaoutoa ni washairi wa vichekesho waliokuwa wanamtania jukwaani, sasa toka lini matani ya jukwaani yakawa cheti cha daktari? Zipo sanamu za majemadari wengine wa Kigiriki na helmeti zimerudishwa nyuma vilevile, nao wote walikuwa na vichwa virefu? Halafu kwenye baadhi ya nakala ukichungulia kwenye yale matundu ya macho unaona vinywele vimechongwa mle ndani. Wapo wanaosema hiyo ndo dalili kichwa kilipanda juu. Mimi naona mtu anayeficha kitu haachi dirisha wazi.

Swali: Ilichongwa akiwa hai?

Hapana, ni nakala ya Kirumi ya karne ya 2 BK. Ya asili inadhaniwa ilikuwa ya shaba, kazi ya mchongaji Kresilas, na imepotea. Someni kibao kabla ya kupiga selfi.

Swali: Sura imetulia sana, bila shaka alikuwa mtu wa huruma.

Hapa ndo mnaponiumiza. Uso wa sanamu mnausoma kama picha ya pasipoti. Huyu mtu kafa na miaka zaidi ya 60 lakini hapo hakuna kunyanzi hata moja, ngozi laini, ndevu fupi zimejikunja zimebana shavu, kope nene, midomo imeachana kidogo. Hivo ndivyo Athens walivyotaka jemadari aonekane, mtu asiyetikisika. Sasa weka pembeni yake mambo yenyewe: vita na Sparta, mji hasimu wa Kigiriki, vimeanza 431 KK, yeye kawaambia watu wa mashamba waache kila kitu waingie ndani ya kuta za mji, mwaka uliofuata tauni ikalipuka kwenye msongamano ule, watu wakafa ovyo, wananchi wakamvua cheo na kumpiga faini, wakamrudisha tena, akazika watoto wake, na 429 KK akafa yeye. Tafuta hata moja ya hayo kwenye lile jiwe. Hulipati, na hukuwekewa.

Swali: Nataka sura yake kwenye bango la semina ya uongozi, inafaa?

Weka, ila uwaambie na habari ya Samos, kisiwa mshirika wa Athens kilichoasi 440 KK, Pericles mwenyewe akaenda kuuzingira mji miezi mingi mpaka ukasalimu amri. Na demokrasia yake wanawake na watumwa hawakuwemo. Msimpambe mtu nusu.

Swali: Nikifika pale nianze kuangalia wapi?

Kifuani. Kuna herufi za Kigiriki zimechongwa, ni jina lake tu. Kisha panda taratibu mpaka ukingo wa helmeti, uone na kichwa kilivyoinama kidogo upande. Lile jina ndilo linalombeba, zipo sanamu kibao za wenye helmeti kama hiyo na hakuna anayejua walikuwa kina nani.